Dakika Tatu Baada ya Amina

Mjomba Simiyu,

Leo wamekuzika tena. Kama hesabu yangu ni sawa, hii ni mara ya thelathini na moja. Kila Jumapili tukipata wageni wa kanisani hapa Bungoma, wakishamaliza kula, Mama Mkubwa hufungua kabati la vyombo kwa ufunguo anaouvaa shingoni, hutoa redio, hukikunja kitambaa chake cha kufuma mara nne, na kucheza kanda iliyorekodiwa siku ya mazishi yako kule Ndalu.

Wageni hunyamaza. Kwanza unasikika upepo, halafu jogoo wa Kukhu, bibi yangu, anawika mara mbili. Halafu mzee aliyeongoza mazishi anasema, "Tulieni, watu wangu, jua halitungoji." Halafu Mama. Mama anasema sentensi tano. Ya sita anaianza na haimalizi, na akina mama wanaanza wimbo ili kumficha. Wimbo huo ukiisha, wengine wanazungumza mmoja mmoja. Mwisho ni maombi, na Amina. Hapo Mama Mkubwa hubonyeza kitufe, na sebule nzima inavuta pumzi. Ni dakika ishirini na sita. Mimi hukaa kwenye kigoda kando ya mlango nikiwa na sinia mapajani, kwa sababu ni mimi ninayeandaa chai, na siruhusiwi kuinuka kabla ya Amina.

Ulipoondoka nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la nane juma lile lile. Hukuyaona matokeo. Nilipita vizuri, Mjomba. Mama alibaki Ndalu kumtunza Kukhu, maana mama yako hajawa mtu wa kuachwa peke yake tangu homa ile ikuchukue kwa siku nne tu. Vyumba vyetu vya mtaa wa Matisi vina watu wengine. Kibanda chako cha kurekodi kanda sasa kinauza viatu vya mitumba, na nimeambiwa kwamba pale palipokuwa na orodha yako ya nyimbo ukutani pametundikwa raba za watoto. Mimi nililetwa huku kwa dada yake Mama ili nisome sekondari.

Sitaki umfikirie Mama Mkubwa vibaya. Hanipigi, wala sijawahi kulala njaa. Ananinunulia vitabu kabla sijaviomba. Lakini saa kumi na nusu lazima niwe ndani ya geti, na geti likifungwa limefungwa. Dirisha la chumba changu lina vyuma, na nje ya vyuma kuna ua, na nje ya ua sijui kuna nini, kwa sababu njia ninayoijua Bungoma ni ile ya shuleni na ile ya kanisani. Nyimbo za dunia haziingii katika nyumba hii. Jirani akifungulia redio yake, Mama Mkubwa hufunga dirisha hata kukiwa na joto. Siku moja aliniona nikigongagonga meza kwa vidole nikifanya hesabu, akauliza, "Naliaka, hiyo ni hesabu gani iko na ngoma?" Tangu siku hiyo nagonga kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu.

Nimezunguka sana. Kuna jambo ambalo lazima nilikiri, na nimeahirisha barua hii mwaka mzima kwa sababu yake.

Asubuhi ya mazishi walitafuta kanda ya kurekodia hotuba, ili ndugu walio mbali nao wapate kusikia. Mtu akasema, "Si Naliaka ndiye anajua mambo ya kanda? Alete moja." Nikaenda kwenye boksi lako chini ya kitanda. Kila kanda ilikuwa na jina kwa mwandiko wako isipokuwa moja. Nikaichukua hiyo.

Unajua ilikuwa ipi.

Wewe hukuwahi kuandika jina juu ya kanda kabla kazi haijakwisha. Ulisema jina litakuja lenyewe. Na nilipaswa kujua, Mjomba, nilipaswa kujua bila hata kuwaza, kwa sababu vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda vilikuwa vimevunjwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kijino kikivunjwa kitufe cha kurekodi hakishuki tena, na hakuna mteja mwenye haraka atakayefuta kazi ya mtu. Na ni wewe uliyenifundisha kwamba ukitaka kurekodi juu yake unakunja karatasi na kuziba lile tundu. Basi nilichana pembe ya daftari langu, nikakunja, nikaziba matundu yote mawili. Mikono ilikumbuka kila kitu. Kichwa hakikuwepo. Nilitoka nje nikawapa kanda, nikaenda kusimama karibu na Mama.

Ndivyo nilivyofuta rimiksi yako, ule muziki wako wa kukata na kuunga. Miezi uliyotumia kuitengeneza, tangu mvua za kwanza mpaka mahindi yakavunwa, upande mzima wa nusu saa, nakala moja duniani. Mtu mwingine asingeweza kuifuta. Ni mimi tu niliyejua namna.

Nilikuwa na miaka tisa uliponikalisha mara ya kwanza mbele ya redio yako ya deki mbili pale kibandani. Wateja walitoka Matisi na Kipsongo na hata mashambani, kila mmoja na kanda yake tupu na karatasi ya nyimbo anazotaka. Wengi walitaka nyimbo za pop zilizotamba miaka ya themanini. Wewe ulizirekodi kwa adabu, lakini nilikuona jinsi ulivyokuwa ukiinamisha kichwa kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na ukishasikia sauti yake ulikuwa kama mtu aliyeamshwa vibaya.

"Sikia mwanzo," uliniambia. "Kabla huyu bwana hajaanza kulia juu ya msichana wake. Hapo ndipo wimbo uko."

Nilikuuliza kwa nini hukufanya hivyo na rumba, kwa kuwa rumba uliipenda zaidi. Ulinijibu kama mwalimu. "Mpiga ngoma wa rumba ni mtu. Akifurahi anakimbia. Ukikata mwanzo wa wimbo ukaunga na mwisho wake, watu wanajikwaa. Lakini hizi za themanini ngoma ni mashine, mama. Mashine haifurahi. Dakika ya kwanza na dakika ya tano inatembea vilevile. Unaweza kuikata popote ukaiunga popote." Nakumbuka uliniita mama, kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa na furaha, kwa sababu nimepewa jina la mama wa Kukhu, na Kukhu mwenyewe huniita hivyo.

Halafu akaja yule kijana aliyesoma Nairobi, yule wa miwani, na kanda aliyoishika kwa vidole viwili kama yai. "Simiyu, hii wewe huijui bana. Hii inaitwa hausi. Huko kwa wenzetu ndiyo mambo yote sasa." Uliisikiliza umeinama mpaka nikaona aibu kwa niaba yako. Kisha ukaitoa, ukaweka kanda ya zamani ya pop, ukacheza pale mwanzo tu, ukaizima. Ukarudisha ile yake. Ukarudia tena. Mdundo ulikuwa ule ule, hatua nne nne, na kile kinanda kilikuwa kile kile, na besi ilizunguka kwa njia ile ile.

"Sasa niambie," ukamwambia, "mama ni nani na mtoto ni nani?"

Yule kijana alivua miwani akacheka. "Wewe Simiyu ni mchawi."

Ukatueleza sisi wawili, na mimi nikaandika baadaye katika daftari ili nisisahau. Ulisema zile santuri kubwa za dansi za miaka ya themanini ndizo zilizofungua mlango, wimbo wa dakika tatu ukavutwa mpaka saba ili watu wasikae chini, na ngoma ikaachwa peke yake mwanzoni na katikati. Waliokuja nyuma wakapenda hapo palipokuwa wazi. "Wakauvua wimbo koti," ulisema. "Mapenzi chini, gitaa chini. Wakabaki na ngoma, besi na kinanda, halafu wakakataa kuondoka hapo." Na nilipolalamika kwamba kitu kimoja kikirudiwa hivyo kinachosha, ulisema nisikilize mara nane kabla ya kusema. Ulisema mara ya nane nitasikia kitu ambacho sikukisikia mara ya kwanza, na hakuna aliyeugusa wimbo.

"Nipe sekunde nane tu," uliwaambia watu. "Sekunde nane nzuri, nitakufanyia nusu saa." Nao walikucheka. Lakini uliifanya. Wimbo ulicheza deki ya kushoto, deki ya kulia ilirekodi, na mimi nikahesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, na ikifika nne ulisimamisha. Unarudisha nyuma. Unaanza tena. Siku nzima kwa kipande cha dakika moja. Na kwa kuwa kidole gumba chako cha kulia kilikatwa na panga ulipokuwa mdogo na hakikukunjika vizuri, kila mzunguko wa nne ulichelewa kukiachia kitufe. Kidogo sana. Tak, halafu ngoma. Nikakwambia umekosea. Ukasema, "Iache. Mtu akisikia hapo ajue kuna mtu."

Mjomba, katika kanda ya mazishi watu tisa wanakuzungumzia, na wewe husikiki hata mara moja.

Ndivyo nilivyofikiri mpaka Jumapili moja mwezi wa tano. Mgeni mmoja alikuwa na mtoto aliyelia, wakainuka wote kwa vurugu, na Mama Mkubwa akatoka kuwasindikiza bila kuzima redio. Mimi nilibaki nikikusanya vikombe. Amina ilipita. Pakawa kimya. Kisha mtu aliyekuwa akirekodi akabonyeza kitu, kwa sababu walikuwa wakielekea kaburini na huko waligeuza upande wa pili. Halafu, tak.

Halafu ngoma.

Ilitokea katikati, kama mtu anayeingia chumbani akiwa anaendelea kuzungumza. Ngoma, besi, kile kinanda. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne ukachelewa. Nilipiga magoti na sinia mikononi. Nilisikia kidole chako, Mjomba. Nilihesabu kwa sauti kabla sijajua kwamba nahesabu.

Ni dakika tatu na sekunde kumi. Nimeipima kwa saa ya ukutani. Hotuba hazikuufikia mwisho wa upande ule, na kilichobaki ni hicho. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kungoja wageni. Unajua jinsi watu wetu wanavyosindikizana. Kuaga kunaanza mlangoni, kunarudiwa uani, na getini ndipo habari zenyewe zinapokumbukwa: mtoto wa fulani, miche ya sukuma, ombi fupi la safari. Mama Mkubwa haachi mgeni kabla hajafika barabarani. Na wakati huo wote kabati liko wazi. Mimi nilishusha sauti, nikaweka sikio kwenye spika, nikakusikiliza. Kisha nilirudisha kanda mpaka kwenye Amina, nikaenda kuosha vikombe. Juma zima nilisubiri dakika hizo tatu. Mwalimu wangu aliandika katika ripoti kwamba mimi ni mtulivu.

Mwezi wa kumi mvua ilimrudisha Mama Mkubwa mbio kutoka getini. Sikumsikia.

"Naliaka. Hiyo ni nini?"

"Ni Mjomba, Mama."

"Mjomba amelala Ndalu." Alinyoosha mkono juu ya bega langu akazima. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Kwa kanda ya msiba! Ati baada ya Amina kuna disko." Alikaa kitini na maji ya mvua yakichuruzika kutoka kitambaa chake cha kichwani. Alikuwa dadako pia, Mjomba, nami huwa nasahau. Kisha akasema amepata njia. Siku ya ukumbusho, ukitimiza mwaka, kwaya ya akina mama itaimba nyumbani kwa Kukhu, na tutairekodi hapo mwisho, pale palipobaki, ili kanda iishe kwa wimbo wa Mungu. "Nafasi isibaki wazi," alisema.

Wiki tatu nililala na neno hilo. Ningesema nini? Kwamba ninamkataza kumwimbia ndugu yake? Na ningeiba kanda, ningeificha wapi katika nyumba ambayo kila mlango una ufunguo wake? Tena ndani yake mna sentensi tano za Mama. Hiyo si kanda ya kutupwa wala kufichwa.

Asubuhi ya safari Mama Mkubwa aliniita niipakie redio katika kikapu. "Funga vizuri, isigongwe." Kanda ilikuwa mkononi mwangu. Kwenye mgongo wake niliona karatasi zangu mbili, bado na mistari ya buluu ya daftari la darasa la nane. Nilizitoa kwa pini ya nywele. Nikaziweka katika soksi.

Ukumbusho ulikuwa mzuri. Mahindi yamevunwa, na walikuwekea maua aina ile inayoota kando ya kisima. Kwaya ilisimama uani. Mama Mkubwa akaiweka redio juu ya kiti, akatafuta mahali baada ya Amina, akainua mkono kwa akina mama, akabonyeza. Kitufe hakikushuka. Akabonyeza tena. Watu wakaanza kunyoosha shingo.

"Naliaka, kuja. Wewe ndiye unajua hizi vitu. Imekataa."

Hapo ningeweza kusema redio imeharibika. Wangeniamini wote. Lakini nimefundishwa kusema kweli, na Mama alikuwa akiniangalia, na wewe ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

Nikasema Mjomba ndiye aliyevunja vijino, ili kazi yake isifutwe. Nikasema siku ya mazishi niliziba matundu kwa karatasi, nikawapa kanda, na ndivyo kazi yake ilivyofutika, na zimebaki dakika tatu. Nikasema karatasi nimezitoa asubuhi hii. Nilizitoa kwenye soksi nikamwekea Mama Mkubwa mkononi, kwa sababu sikutaka kuwa nimemshinda kwa ujanja. Angetaka kuziba tena, angeweza.

Mama alifunika mdomo. Kisha Kukhu, kutoka kwenye kiti chake, akauliza, "Iko nini hapo ndani?"

Mama Mkubwa aliziangalia karatasi kiganjani. Halafu akabonyeza kitufe cha kucheza. Ngoma yako ikatoka, Mjomba, uani kwako, mbele ya kwaya iliyovaa sare, kwa sauti ya juu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuishusha. Kukhu alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Niliona ni kichwa chako.

"Ah!" akasema. "Si ndiyo ile ilikuwa inaniumiza kichwa kila akikuja? Simiyu, punguza! Simiyu, punguza!" Akacheka mpaka akajifuta macho na leso, na akina mama wa kwaya wakacheka naye, na mmoja nyuma nilimwona bega lake likienda na mdundo, akalizuia. Kisha Kukhu akasema, "Basi muache mtoto wangu amalize."

Mama Mkubwa alifunga kiganja chake juu ya zile karatasi. "Sawa, Mama," alisema. "Lakini kwangu inaisha na Amina."

Na leo imeisha na Amina. Alibonyeza kitufe pale pale kama siku zote, na wageni wakainuka. Geti lilikuwa lile lile, na vyuma vya dirisha vilikuwa vile vile. Lakini alipofika mlangoni aligeuka nyuma na kuniambia, bila kuniangalia usoni, "Leo nitachelewa kidogo huko getini." Alichelewa, Mjomba. Nilikusikiliza mara mbili. Kabla hajaingia alikohoa uani, na Mama Mkubwa hana kikohozi.

Shule inafungwa baada ya wiki mbili, na Mama amekubaliwa kunichukua nikae Ndalu likizo yote. Redio yako ya deki mbili iko chini ya kitanda cha Kukhu, imefungwa katika blanketi. Nimeomba niruhusiwe kubeba kanda, na sijajibiwa, lakini sijakataliwa.

Nakuahidi hivi. Sitagusa sentensi za Mama. Vijino vitabaki vimevunjwa, nitacheza tu kutoka humo na kurekodi katika kanda nyingine. Ulikuwa ukiomba sekunde nane. Mimi umeniachia mia moja na tisini. Nitazikata, nitaziunga, nitahesabu kwa sauti mpaka upande ujae, na jina sitaandika mpaka lije lenyewe. Haitakuwa ile. Najua. Kilichofutwa nimekifuta, na msamaha wako nitauomba kila nikibonyeza.

Lala salama, Mjomba. Huko uliko usimpigie mtu kelele, au mpigie kidogo.

Kidole gumba changu ni kizima na kinakunjika vizuri. Lakini kila mzunguko wa nne, nitachelewa.

Mpwa wako,
Naliaka